Gari Jekundu Lililokunywa Maji

Kila asubuhi wodini, kabla daktari hajapita, huwa nachanganya spiriti na maji ili kupangusa sinia za chuma. Sinia zikiwa bado na moto wa kuchemshwa, mchanganyiko ule ukizigusa hutoa mvuke mfupi wenye harufu ya pombe, mvua na chuma. Wauguzi wenzangu hata hawaisikii. Mimi husimama na kitambaa mkononi. Kwa muda wa pumzi mbili tatu siko hospitali. Niko uani kwetu Mususa, hapa hapa Butembo, nina miaka tisa, na Yaya Masika ameinamia injini ambayo hakuna fundi mwingine mjini aliyekubali kuigusa.

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Masika alikuwa na miaka kumi na tisa. Papa wetu alikuwa fundi wa magari mwenye jina, mpaka siku betri ilipompasukia usoni. Asidi ilichukua jicho la kushoto lote na kuacha la kulia likiona kivuli na mwanga tu. Baada ya hapo Papa alibaki na masikio, na Masika akawa mikono yake. Papa aliketi kwenye kiti kilichong'olewa ndani ya basi bovu, chini ya kibanda cha mabati, kichwa kimeinama upande mmoja. Masika alifungua, akafunga, akapaka grisi, huku wakizungumza lugha yao ya vyuma ambayo mimi niliielewa nusu.

Mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda mji wa Beni, kaskazini kwetu, kumuuguza dada yake aliyekaa mtaa wa Ruwenzori, safari ya wiki moja, akiwa na kitenge kimoja tu cha kubadili. Kisha vita, ambavyo tulikuwa tumevizoea kama watu wanavyomzoea jirani mkorofi, vikashuka barabarani. Wanajeshi walikuwa wameukalia mji ule na huu wetu, wapiganaji wakaukalia msitu wa katikati, na magari yakaacha kupita. Mara mbili Mama alituma habari kwa phonie, ile redio ya chumba kimoja karibu na soko ambapo kila mtu alisikia mambo ya kila mtu. Mara ya kwanza alisema dada yake amepata nafuu. Mara ya pili alisema, "Mumwambie mudogo asilale bila kusali." Mudogo nilikuwa mimi. Hata sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya opereta wa Beni aliyerudia maneno yake. Hata hivyo nilikaa kwenye lile benchi mpaka wakanifukuza.

Gari lile lilifika kwetu likivutwa kwa kamba. Lilikuwa fupi, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuku waliruka juu ya boneti bila kupiga mabawa. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vitenge ambaye wote tulimwita Patron. Alikuwa amelileta kutoka Dubai kupitia Mombasa, likavuka mpaka pale Kasindi, likatembea wiki mbili za sifa, kisha likafia kwenye mlima. Wanajeshi waliokuwa wakichukua kila gari mjini hawakulichukua hilo. Halikubeba mzigo, na halikutembea.

"Iko na piston ngapi?" Papa aliuliza.

"Hapana piston, Papa," Masika akajibu kutoka ndani ya boneti. "Iko na ba-triangle mbili."

Papa akatabasamu kama mtu aliyeletewa barua. Siku iliyofuata Masika alimletea mkononi kimoja cha vyuma vile. Kilikuwa na pembe tatu, kimenona kila upande, na mimi nilipokiona nilisema ni sambusa. Kuanzia hapo hata wao walikiita sambusa. Sambusa mbili zilizunguka ndani ya nyumba yenye tumbo, na kwenye kila pembe kulikuwa na kipande chembamba cha chuma, segment, kilichofagia ukuta bila kupumzika. Segment zilikuwa zimevunjika. Kazi ya kulifufua gari ilikuwa hiyo, kuziweka mpya, ambazo Patron aliagiza zikaja zimefichwa katikati ya robota la vitenge.

Lakini Papa alisema zitavunjika tena. Alimwambia Masika awashe, apige kwa nguvu essence, kama tunavyoita petroli, kisha akaweka kiganja juu ya bati la gari. Mimi pia nilisikia: turbo ilipopiga filimbi tu, ndani mlianza sauti ya changarawe kwenye kopo.

"Zima! Umesikia? Inagonga. Essence ya sasa ni takataka, bameichanganya na mafuta ya taa. Turbo ikisukuma hewa, moto unawaka mbele ya saa yake. Ile mushindo ndiyo inavunja segment."

"Tutapata wapi essence muzuri, Papa?"

"Hapana kupata. Tutaipa mayi."

Masika alicheka. Papa hakucheka. Ujanani aliwahi kusafisha vyuma kwenye kiwanja cha ndege cha Beni, chini ya fundi mmoja mzee wa ndege za mizigo, na fundi huyo alimsimulia kwamba ndege za zamani, wakati wa kupaa na mzigo mzito, zilipuliziwa maji na pombe ndani ya injini. Maji yakiingia kama ukungu yanapoza moto usilipuke mapema. Yakiingia kama maji ya kuoga, injini inazama. Kazi yote ilikuwa kwenye ukungu.

Basi wiki tatu za maisha yangu zilinuka ukungu ule. Masika alichukua pampu ndogo ya kurushia maji kwenye kioo, akaitoa kwenye gari lililogongwa. Alichukua gicleur ya pikipiki, kile kipande cha shaba chenye tundu dogo kinachopitisha mafuta, akakiziba kwa risasi ya kuchomelea, akakitoboa upya kwa sindano ya cherehani. Tundu la kwanza lilikuwa kubwa. Gari lilikohoa, likatema moshi mweupe, likakataa. La pili liliziba. Maji ya bomba yaliacha chumvi kwenye shaba, kwa hiyo alitumia maji ya mvua tu, yaliyochujwa kwa kitambaa cha shuka. Ndani ya kila bidon, lile dumu la plastiki, alimimina kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji inayowaka kama spiriti. Alijaribu kila kipimo na kukiandika kwa msumari ukutani. Jioni alikuja mezani ananuka kama mlevi, na wamama wa shirika letu la kanisani wakaja siku moja kumshauri mtoto wa watu aache pombe kabla mama yake hajarudi. Masika aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru kwa heshima, "Wasingya, ba mama," kisha akarudi kwenye bidon yake.

Siku ilipokubali, ilikuwa saa nne asubuhi, na mlima unaopanda kutoka kwetu ulikuwa umejaa watu wanaotazama. Masika alishuka mpaka chini, akageuza, akapanda kwa nguvu zote. Papa alikuwa amesimama katikati ya ua na mikono juu, kama anaomba. Turbo ikapiga filimbi. Changarawe hazikusikika. Ilikuwa sauti moja tu, laini na kali, kama kitenge kinachochanwa bila mwisho. Mpaka leo sijasikia sauti nyingine kama ile.

"Inakunywa," Papa alisema. "Mutoto wangu, inakunywa."

Ndipo nilipoelewa kwa nini Patron alikuwa na haraka. Lori lake, pamoja na dereva aliyeitwa Paluku, lilikuwa limekamatwa Beni na commandant aliyeutawala mji ule. Commandant aliwahi kuliona gari jekundu enzi za sifa zake, akaagiza kwa phonie: lije hilo, likitembea lenyewe, ndipo lori litoke.

"Mimi nitaiendesha," Masika akamwambia Patron. "Na camion ikirudi, irudi na Mama."

"Wewe ni mutoto mwanamuke. Barabara hii si ya—"

"Patron, nani mwingine atasikia kama inagonga?"

Patron alimgeukia Papa. "Masikio yangu haiwezi kufika Beni," Papa alisema. "Yake itafika. Bila mayi, hii barabara itaiua. Na mayi, itapita."

Maneno hayo niliyachukua jinsi yalivyonifaa. Shuleni tulikuwa tukisimuliana habari za wapiganaji wa msituni, wale waliojiita kwa jina la maji yenyewe. Waganga wao waliwanyunyizia maji, na risasi zikiwagusa ziligeuka matone. Kila mtoto Butembo alijua hilo kuliko alivyojua hesabu. Sasa nikamsikia baba yangu mwenyewe akisema barabara itaua, lakini ukiwa na maji utapita. Kwangu hapakuwa na fumbo. Masika alikuwa amepata maji yale. Alikuwa ameyatengeneza mwenyewe, kwa mvua na pombe, akayatia kwenye bomba, na hakuna risasi ambayo ingemfikia. Wiki ile Butembo nzima iliishi na hofu, na mimi nililala usingizi mzuri kuliko wote.

Maji yale yalikuwa na miiko. Aliyenyunyiziwa haibi, harukwi miguu, na hapeani mkono na mwanamke wala msichana. Akiguswa tu, nguvu zinamtoka. Nilijiuliza itakuwaje kwa Masika ambaye naye ni mwanamke, nikaamua kwamba kwa kuwa alivaa suruali ya Papa, labda amesamehewa. Mimi sikuwa na suruali. Nilianza kumkwepa. Nilimwekea sahani mezani na kurudi nyuma. Alipotaka kunisuka nilisema kichwa kinauma.

Na nilijisifu. Siku ya soko, wakati wa mapumziko shuleni, niliwaambia wasichana watatu kwamba yaya wangu anatengeneza maji ya vita na kwamba gari letu halitobolewi na risasi. Kesho yake maneno yangu yakamleta adui mlangoni: adjudant mmoja, mwanajeshi kutoka jimbo la Équateur, na vijana wake wawili wenye bunduki.

"Wapi ule mwanamuke anatengeneza mayi ya vita?"

Nilikuwa nachambua maharagwe. Masika akatoka kibandani na spana mkononi, uso umepauka.

"Ni mimi, chef. Lakini hapana mayi ya vita. Ni ya moteur."

"Lokuta! Uongo! Batu bote banasema hapa munalinda waasi."

"Uongo ni ya bale batu, chef," Papa alisema kutoka kwenye kiti chake, akimtafuta yule mtu kwa sikio. "Ukaribie. Mutoto, muwashie asikie."

Masika aliwasha. Kwanza alifunga maji, akapiga mafuta, na changarawe zikaanza kulia ndani ya kopo. Adjudant akarudi nyuma hatua moja. Kisha akayafungua, na injini ikalainika. Yule mtu akakunja uso, akaomba arudie. Baadaye nilisikia kwamba kabla ya jeshi alikuwa makanika wa mashua za mtoni. Lakini siku ile niliona tu kwamba macho yake yamebadilika, yamekuwa ya mtu anayesikia sauti ya kwao. Alichukua bidon, akanusa, akameza funda moja.

"Oyo mayi te!" akawapigia kelele vijana wake kwa Kilingala, kwamba haya si maji. "Oyo nde masanga! Ni pombe!"

Wakacheka wote watatu mpaka kuku wakakimbia. Aliuliza jina la Masika, akaliandika kwenye kijitabu chake, akaondoka na bidon zote mbili. Palibaki maji matupu ya mvua, na kanyanga ilikuwa imekwisha mtaani.

"Nani alisema habari ya mayi ya vita?" Papa aliuliza ua ulipotulia.

Nilichambua harage lile lile. Masika alinitazama, na nikajua kwamba amejua.

"Batu banasema tu, Papa," alijibu.

Aliondoka siku mbili baadaye, asubuhi yenye ukungu wa kweli mabondeni. Alikuwa amevaa suruali ya Papa na koti la Mama. Papa aliligusa gari lote kwa viganja, kuanzia taa mpaka mkia, na mwisho akaugusa uso wa Masika vilevile. Patron alisoma sala fupi kwa Kinande, lugha yetu. Kisha Masika akaniita.

"Kuya unipe mukono, mudogo."

Niliweka mikono nyuma. "Hapana."

"Umekasirika na mimi?"

Nilitikisa kichwa. Mwiko ukielezwa unavunjika, hilo pia nililijua. Alikuwa tayari ameifuta mikono yake grisi kwa ajili yangu, kwa pindo la suruali, kidole kwa kidole. Aliitazama ile mikono misafi, akacheka kidogo, akaingia garini. Nililisikiliza gari mpaka mlima wa mwisho, na nilijivunia sana kwamba sikumgusa.

Lori lilirudi kesho yake jioni, jua bado lipo. Mtaa mzima ulilikimbilia. Nyuma, chini ya turubai, walikuwa wamefichwa wanawake saba katikati ya magunia, na wa pili kushuka alikuwa Mama. Alikuwa amekonda, rozari imezungushwa mkononi. Alinikumbatia, akaniachia, na kabla hajamsalimia hata Papa alikwenda mbele ya lori akicheka.

"Masika! Shuka, mutoto wangu, tumefika!"

Alifungua mlango wa abiria na kunyoosha mkono wa kumshusha. Kwenye kiti kulikuwa na koti lake mwenyewe, limekunjwa vizuri.

Paluku, yule dereva, alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. "Mama," alisema, "nilifikiri baliwaambia. Amebakia Beni. Alisema twende mbio, tusisimame."

Mama alibaki vile vile, mkono ndani ya lori, kwa muda ambao kwangu haukuisha. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakitembea kwa vidole kama wanaotoka kanisani.

Tuliambiwa commandant amemzuia wiki moja ili amfundishe dereva wake. Wiki ikawa mwezi. Mimi nilijua sababu halisi: jina lake liliandikwa kwenye kijitabu, na liliandikwa kwa mdomo wangu. Mama alirudi kwa sababu Masika alibaki, na Masika alibaki kwa sababu yangu. Nilimtamani Mama miezi mingi, na sasa kila alichonipikia kilikuwa na ladha ya kitu kilichochukuliwa kwa mwingine. Usingizi mzuri uliniacha. Nilianza kuota ile mikono misafi.

Kisha, mchana mmoja wa msimu wa mvua, Papa aliinuka ghafla kwenye kiti chake na kumwaga chai.

"Munyamaze!"

Tulinyamaza. Kutoka upande wa Beni, mbali, kitenge kilikuwa kinachanwa. Nilikimbia mpaka barabara kubwa. Yalipita magari mawili ya wanajeshi, na katikati yao lile jekundu, vioo vimefungwa, limejaa tope mpaka juu, likielekea kusini. Sikuona mtu. Niliporudi nikilia, Papa alikuwa bado amesimama, na jicho lake la kulia pia lilikuwa linatoa machozi.

"Hapana kugonga," alisema. "Umesikia? Na hii essence yao, bila mayi haingefika hata Maboya pale njiani. Kuna mutu anachuja mayi, anasafisha gicleur kila siku. Yuko hai."

Tuliishi kwa hilo. Wengine walingoja barua. Sisi tulingoja habari za gari. Kila dereva aliyetoka kusini Mama alimpa chai na kumuuliza kama ameona kagari kekundu, na kama kanatembea vizuri. Kanatembea, mama. Basi Masika amekula leo, Mama alisema, basi amelala mahali. Mimi nilikinga mvua kwenye sufuria, nikaichuja kwa shuka, nikaijaza chupa na kuzipanga ukutani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo na hakuna aliyenikataza. Chupa ziliota ukijani, nikazimwaga, nikaanza upya.

Mwaka ukapita. Dereva mmoja wa viazi akaja kusema kwamba gari jekundu limetupwa kando ya barabara, karibu na Kanyabayonga, limekufa. Alilisema kwa sauti ndogo kwa sababu alijua maana yake nyumbani kwetu. Mama aliingia ndani. Papa aliomba viatu vyake.

Nilikwenda naye niwe macho yake. Tulipanda lori, tukalala njiani kwa wenyewe, tukafika siku ya pili. Magurudumu yalikuwa yameibwa, na viti, na taa. Boneti ilikuwa wazi na nyasi zimeanza kuingia. Nilimshika Papa kiganja nikakiweka juu ya injini. Alitembeza vidole polepole, akifuata mpira wa hewa mpaka mahali Masika alipoweka gicleur. Hapo vidole vikasimama.

"Uniambie unaona nini."

"Bulon, Papa. Bulon ndogo."

"Pampu?"

"Hakuna. Mupira wa mayi umekunjwa, umefungwa na kamba."

Alikipapasa kile kibulon, kibolti kifupi cha chuma, tena na tena. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo, kikasuguliwa tupa mpaka kikawa sawa na ukuta, mtu asiyejua asingekiona.

"Mwizi anavunja," Papa alisema. "Mwanajeshi anang'oa. Hii imefungwa na fundi. Alitoa mayi, akafunga tundu yake vizuri, akaacha bakanyage moto mulimani." Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Ameiua. Mutoto wangu ameiua mwenyewe. Basi ameenda."

Masika alirudi miezi minne baadaye, juu ya lori la kabichi kutoka pande za Lubero, amevaa nguo za mkulima fulani aliyemhifadhi. Mama alilia, akachemsha maji, akamwogesha kama mtoto. Hakuna aliyemuuliza lolote. Kwetu tunadhani kunyamaza ni heshima, na mara nyingi ni kweli. Lakini Masika hakuingia tena kibandani. Papa alimwita siku moja asikilize gari la mteja, akasema, "Sisikii vizuri sasa, Papa." Alimwita Mama kwa adabu ya mgeni. Ndani ya mwaka aliolewa Kisangani. Alikuja kwa mazishi ya Papa, akakaa siku tatu, akaondoka. Nilimpenda yule aliyerudi. Yule aliyeondoka asubuhi ile ya ukungu, mwenye kelele, mwenye kuandika ukutani kwa msumari, niliendelea kumsubiri, na wakati mwingine nilimsubiri hata akiwa ameketi mbele yangu.

Mama alifariki mvua zilizopita. Masika akafika kwenye matanga, na asubuhi kabla ya kuzika tukajikuta wawili jikoni tukimenya viazi. Sijui kwa nini siku ile. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyesema shuleni habari ya maji ya vita, kwamba ni kwa ajili yangu walimzuia Beni.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Ule adjudant hata hakufika Beni kabla ya mwaka kuisha." Akamenya kidogo. "Commandant alikuwa anataka vyote viwili, gari na camion. Balianza kushusha batu. Mama alikuwa mule. Nikamwambia, hii gari bila mimi itakufa kabla ya Jumapili. Acha camion iende, nitabakia. Ni mimi nilisema, mudogo. Hapana mutu mwingine."

Nilichukua kiazi kingine.

"Ile haikuniumiza," aliendelea, akimenya bila kutazama kisu. "Kitu kiliniumiza ni Mama. Nilisimama kando ya barrière, pale banasimamisha magari. Niliona kitenge yake kwa tundu ya turubai, na uso yake, karibu hivi. Nilimupungia mukono. Macho alifunga, hakuniita, hakulia. Nikasema, basi, ameona ninabakia, amechagua mudogo. Sikumulaumu. Ulikuwa mutoto. Lakini kila siku nilikuwa ninaiona ile uso."

"Yaya," nilisema, "hakukuona. Paluku aliwaambia bafunge macho mpaka bapite barrière. Alikuwa anasali. Alidhani uko mbele na dereva."

Kisu kikasimama.

"Camion ilipofika alikimbia mbele. Alikuwa anacheka. Alikuita kwa jina, ushuke."

"Alifungua mulango?"

"Alifungua. Akanyosha mukono akushushe. Alibaki vile, Yaya, na mukono ndani, mpaka batu wote baliondoka."

Masika aliweka kisu kwenye beseni. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia chumba alimolazwa Mama na kufunga mlango. Nilimsikia akianza kumsimulia kwa Kinande, polepole, tangu mwanzo. Niliendelea na viazi vyake na vyangu. Watu walikuja kuuliza chakula, kisha wakaja kuuliza saa ya kuzika, na wote niliwaambia wangoje.